Rafu ya Juu

Kifuniko cha sufuria kilianguka kwenye saruji, kikazunguka kwa ukingo wake, kila mzunguko ukiwa mfupi na wa haraka kuliko uliotangulia, mpaka kikajilaza chini na kunyamaza. Kisha yakasikika maji yakitambaa.

Obiero alikuwa kitandani, macho wazi, anasikiliza. Alingoja asikie kama mkewe angelia, na kama angelia, kilio hicho kingekuwa cha namna gani. Siku hizi alimsikiliza Debra kama mtu anavyosikiliza injini ya boti aliyouziwa na mgeni.

Sebuleni, nyuma ya pazia, Milka akakohoa. Huyu alikuwa mama yake Obiero, aliyekuja Nyalenda kutoka Asembo Bay kuwatembelea kwa wiki moja, na sasa hakuna aliyethubutu kumuuliza anarudi lini.

"Nyar Alego!" aliita. Mke wa mwanawe alizaliwa Alego, na mama mkwe humwita mke kwa jina la kwao. "Ni nini tena?"

"Ni sufuria, Mama."

"Iliruka yenyewe?"

Debra alikuwa amepiga magoti, anapangusa maji kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana tumboni kama kitu cha kuazima. Sufuria ilikuwa rafu ya juu. Katika ule muda mfupi kati ya usingizi na kuamka, alikuwa amesahau kwamba mkono wake haufiki huko tena.

Obiero alitokea mlangoni akifunga mkanda. "Jana si uliibeba hii sufuria?"

"Kubeba si kuinua, Baba Akoth. Niliibeba hapa." Alijigusa kiunoni. "Juu siwezi."

"Na Jumapili kanisani? Nilikuona ukipiga makofi."

"Mbele ya tumbo. Kwani watu hupigia makofi juu ya kichwa?"

"Wengine hupiga."

"Basi nenda ukawaoe hao."

Milka alicheka nyuma ya pazia, kicheko kifupi, kisha akakigeuza kikohozi asije akaonekana amechagua upande.

"Sisemi unadanganya," Obiero alisema. "Nauliza tu."

"Unauliza kila siku. Mtu akiuliza swali moja kila siku, hilo si swali tena."

Ilikuwa imetokea hivi. Mafuriko yalipoingia Nyalenda na kuchanganya maji ya kunywa na ya vyoo, kliniki moja ya kibinafsi ya mjini ilikuja uani mwa kanisa Jumapili na chanjo ya homa ya matumbo. Debra alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, gauni la samawati la mikono mirefu ya kubana, vifungo hadi kwenye kifundo. Mkono wa gauni ulikataa kupanda. Mama wa kanisa hawezi kuvua sare uani, mchungaji amesimama pale na Biblia yake. Basi akafungua kifungo cha shingo, akavuta gauni pembeni, bega likachungulia. Muuguzi alikuwa amesimama, Debra ameketi, foleni ndefu, jua limewaka. Sindano ikaingia juu kabisa, pale nyama inapoishia na mfupa unapoanza. Nusu ya kanisa ilichanjwa siku ile ikaenda nyumbani kula samaki. Chanjo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mahali.

Usiku uleule bega liliwaka moto, na moto haukuzimika. Daktari wa hospitali kubwa alipiga picha, akasema sindano iliingia kwenye kiungo chenyewe, ndani kumevimba na kukaza. Debra alikuwa msusi. Kazi yake yote ilikuwa juu ya vichwa vya watu.

*

Ofisi ya wakili Njuguna ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila lori lilipopakuliwa mabati huko chini, watu walinyamaza juu mpaka kelele ipite. Njuguna alikuwa mtu mfupi, tai yake imechoka, macho yake hayajachoka.

"Kaeni, Mama. Mzee, karibu kiti."

Debra alikaa. Obiero alibaki amesimama.

"Wakili, niambie kitu kimoja. Tukishindwa, wewe unakula nini?"

"Hasara."

"Na tukishinda?"

"Tukishinda, korti inaweza kuamuru kliniki ilipe gharama zangu."

"Na isipoamuru?"

"Tutaongea."

Obiero alimgeukia mkewe. "Umesikia? Hapo kwa 'tutaongea' ndipo watu huuza shamba." Kisha akaongeza kwa Dholuo, kwa sauti ya chini, kwamba mtu huyu atawatafuna mpaka mifupa. Mama yake alikuwa amemwambia hivyohivyo asubuhi, kwamba Mkikuyu wa Murang'a hawezi kuacha mabega yote ya kwao aje kupigania la Mjaluo.

Njuguna hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Ok abi chamou," alisema. Sitawatafuna. "Baba yangu aliuza misumari soko la Kibuye maisha yake yote, Mzee. Mimi nilizaliwa nyuma ya kituo cha mabasi hapa. Murang'a mimi huenda kwa matanga tu."

Debra aliangalia dirisha ili asicheke. Masikio ya Obiero yalipata moto, na hapo ndipo hatimaye alipoketi, kama mtu aliyesukumwa.

"Sasa tusikilizane," wakili alisema. "Kliniki wanasema mambo mawili. La kwanza, kwamba wewe Mama ndiye uliyevuta gauni. La pili, kwamba wasusi wote huumwa mabega."

"La gauni ni kweli," Debra alisema. "Nilivuta."

"Usikimbilie kosa lisilo lako. Ni kazi ya muuguzi kukwambia uende nyuma ya pazia uvue, au urudi kesho na nguo nyingine. Yeye ndiye aliyesomea mahali pa kuchoma. Wewe ulisomea nini?"

"Kusuka."

"Basi. Daktari wao alikupima?"

Debra alitazama sakafu. "Alinisimamisha na sidiria tu, mlango wazi, wanafunzi wawili wanaandika. Akasema, inua. Nikasema, siwezi. Akasema, huwezi au hutaki?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilivaa nguo yangu."

Obiero alisogea kitini. Hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Badala ya kumwonea mkewe huruma, alijiuliza ni mambo mangapi mengine hakuambiwa.

"Kliniki ina bima," Njuguna aliendelea, "na bima ina watu wake. Watakuja kuwachunguza. Hawatakuja na kitambulisho kifuani. Watakuja kama wateja, kama jirani mpya, kama mtu mwema. Msizungumzie huu mkono na yeyote. Mnanielewa?"

Alikuwa anawaambia wote wawili. Lakini Obiero alimtazama mkewe kwa ukali, kana kwamba neno lile lilikuwa la mkewe peke yake.

*

Obiero alijenga boti ufukweni, chini ya turubai, mahali ambapo magugu maji husukumwa na upepo mpaka yakafunga njia, kisha yakaondoka yenyewe bila kuaga. Alikuwa fundi wa kweli. Boti zake zilijulikana hata Port Victoria, na alijua zinajulikana.

Mtu mmoja mnene alikuja akiviringa funguo kidoleni. Hakusalimia kwanza. Alipiga ubao kwa kifundo cha kidole, akauwekea sikio.

"Hii ni mvule ya kweli," alisema. "Siku hizi watu wanauziwa takataka."

"Wewe unajua mbao!"

"Marehemu baba alikuwa na boti tatu. Naitwa Okinyi. Nataka moja, ndefu, ya watu wanane. Naweza kuacha pesa kidogo leo?"

Obiero alimshuku wakili. Alimshuku mkewe. Alimshuku hata mwuza misumari wa pale ufukweni, ambaye kila mara alimhesabia pungufu. Lakini mtu aliyesifia mbao zake hakumshuku. Kila mwenye kiburi ana mlango mmoja asioufunga, na mlango huo ni sifa.

Waliketi juu ya boti iliyopinduliwa, wakanywa soda. Waliongea juu ya bei ya petroli, juu ya samaki waliopungua, juu ya vijana wa siku hizi wanaotaka kuvua kwa simu. Okinyi alicheka sana, kicheko cha kumgusa mtu goti.

"Na mama watoto? Nasikia ni msusi hodari. Mke wangu anatafuta mtu."

"Yupo. Ila ana shida ya bega. Anasema."

"Anasema?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Obiero angeweza kulirudisha, kama mtu anavyorudisha ubao aliokata vibaya na kuutafutia kazi nyingine. Hakulirudisha. Lilikuwa limemkaa kifuani miezi mingi, na hapa alikuwa amepata mtu anayesikiliza.

"Jakom, mwenyekiti wangu, hata sijui nikwambie nini. Asubuhi sufuria zinaanguka, nyumba nzima inaamka. Jioni ukipita saluni, vidole vinakimbia kama zamani. Mimi nishike lipi?"

"Wanawake!" Okinyi alisema, akampiga bega, bega la kushoto, na Obiero akacheka pamoja naye.

Okinyi hakuuliza tena. Mvuvi mzuri anajua uzito wa wavu uliojaa. Hauongezi, anauvuta tu. Aliacha pesa za mwanzo za boti, akaondoka akiviringa funguo zake. Obiero akaanza kazi siku hiyohiyo, akiimba.

*

Saluni ya Debra ilikuwa kibanda cha mabati kando ya njia. Ndani kulikuwa na kioo, rafu, na kiti kirefu cha kuzunguka alichokinunua enzi za mabega mawili. Sasa kiti kile kilikaliwa na mikoba ya wateja. Wateja wenyewe aliwaketisha chini kwenye mkeka, kati ya magoti yake, kama wasichana wanavyosukwa nyumbani na mama zao, ili mkono wake usipande juu ya kifua. Akifika utosini, alimwambia mteja alaze kichwa mapajani. Wengine walikubali. Wengine walisonya. "Mimi nilipe halafu nikae chini kama mtoto?" Wakavuka njia kwenda kwa msusi mwingine, aliyekuwa na viti vitatu na redio.

Alasiri moja aliingia mwanamke kijana aliyejiita Sheila. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa matope ya Nyalenda. Aliambiwa akae chini, akakaa. Aliambiwa bei, akakubali bila kupunguza hata shilingi.

Mteja asiyelalamika ni wa kuogopwa. Debra alilijua hilo, na maneno ya Njuguna yalikuwa masikioni mwake. Alimtazama msichana yule tangu unyayo hadi nywele, akafikiri kumfukuza. Halafu akafikiri: kwa nini nimfukuze? Sina ninachoficha. Na tangu asubuhi hakuna aliyeingia.

"Mistari ya kawaida tu," Sheila alisema, akiweka mkoba wake juu ya kiti, mdomo wa mkoba ukitazama huku. "Haukuumi huo mkono ukisuka hivi?"

"Nani alikwambia nina mkono unaouma?"

Sheila alichelewa kidogo kujibu. "Naona unauchunga."

"Una macho mazuri." Debra aligawa nywele kwa chanuo. "Ndiyo, unauma."

"Lakini unasuka."

"Wewe ukiwa na njaa huendi kazini?"

Sheila alicheka, na kwa muda kicheko kile kilikuwa cha kweli. Baada ya hapo hakuuliza kitu. Aliposukwa alilipa, akatoka akisema ana haraka, na mkoba ukabaki kitini. Alirudi baadaye kidogo akihema. "Aki nimesahau mkoba!" Debra alimpa. Alichofanya Debra alipokuwa peke yake pale ndani hakumwambia mtu yeyote, maana hata yeye hakukiona kuwa kitu cha kusimulia.

*

Kikao cha usuluhishi kilifanyika kwenye chumba kidogo cha mahakama, chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Msuluhishi alikuwa mama mzee aliyestaafu uhakimu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Upande wa kliniki alikuwepo wakili mwanamke mwenye sauti laini. Muuguzi hakuletwa. Kando ya wakili, mbele ya kompyuta iliyofunguliwa, aliketi mtu mnene mwenye koti.

Obiero alisimama mlangoni. "Jakom! Wewe unafanya nini hapa?"

Okinyi alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia na mpita njia. Kisha akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Unamjua?" Debra alimuuliza mumewe.

"Ni mteja. Wa boti."

Debra alimtazama Okinyi, akamtazama mumewe, na kitu kikafungwa usoni mwake kama duka linavyofungwa siku ya vurugu. Njuguna aliwavutia viti, na kwa mara ya kwanza Debra aliketi kiti kimoja mbali na mumewe.

"Kliniki haina ubaya na mama huyu," wakili wa sauti laini alianza. "Kwa ubinadamu tu, iko tayari kumpa kitu." Alitaja kiasi. Kilikuwa kiasi ambacho familia ingekula ikishangilia, na kabla mvua nyingine hazijanyesha kingekuwa kimekwisha na bega likiwa palepale. "Naye atie sahihi kwamba alivuta gauni mwenyewe na kwamba hana dai tena, leo wala kesho."

"Na akikataa?" msuluhishi aliuliza.

"Akikataa, tutaomba korti iangalie hii. Tulipata habari kutoka kwa mtu wa nyumbani kwake kabisa kwamba maumivu haya huja asubuhi na kupotea jioni. Tukaenda kuthibitisha."

Mtu wa nyumbani kwake. Obiero alihisi maneno yale yakimpanda mgongoni kama siafu.

Kompyuta ilizungushwa. Saluni ikaonekana, imeinama kidogo, kama inavyoonekana kutoka kwenye mdomo wa mkoba. Kichwa cha Sheila. Vidole vya Debra, vyepesi, vya haraka, vinafuma mstari baada ya mstari. Sauti ya Sheila: Lakini unasuka. Hapo picha ikasimamishwa.

Kwa mpigo mmoja wa moyo Obiero alifikiri: nilijua. Ndivyo shaka ilivyo, hushangilia hata inapomchimbia mwenyewe kaburi.

"Anasuka," wakili wa kliniki alisema. "Mikono miwili."

"Mteja ameketi wapi?" Njuguna aliuliza.

"Hilo linahusu nini?"

"Ameketi chini. Mikono ya mama huyu haijapita kifua chake hata mara moja. Lakini wacha hilo. Video imeishia hapo?"

"Sehemu inayohusika ni hiyo."

Msuluhishi alivaa miwani. "Mimi ndiye nitakayejua inayohusika. Iacheni iendelee."

"Hatuna cha kuficha," wakili wa kliniki alisema, maana hakuwahi kuitazama hadi mwisho. Kidole cha Okinyi kilisitasita juu ya kitufe. Kisha kikabonyeza.

Sheila alilipa, akatoka. Saluni ikabaki na Debra peke yake. Alichukua chanuo na kopo la mafuta, akasimama mbele ya rafu. Rafu ile aliitengeneza Obiero mwaka waliooana, akaipima kwa urefu wake yeye, si wa mkewe. Debra alishika kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauvuta juu kama anavuta ndoo kisimani. Mkono ulifika kifuani ukagoma. Akaweka kopo chini. Akasogea ukutani, akabandika vidole kwenye bati, akavitembeza juu, kimoja kimoja, kama mjusi. Hivyo ndivyo walivyomfundisha hospitalini. Vidole vilifika usawa wa sikio. Mdomo wake ukafunguka, hakuna sauti iliyotoka. Akalaza paji la uso kwenye bati, akakaa hivyo. Kisha, ghafla, akageuka kutazama mlango. Akatazama tena. Akajipangusa uso kwa pindo la gauni, akaketi, akakunja mikono mapajani kama mtu asiye na shida duniani.

Aki nimesahau mkoba! ilisema kompyuta. Na sauti ya Debra, changamfu kabisa: Karibu, nilikuwa napumzika tu.

Mtu hudanganya akiwa na wa kumdanganya. Pale hapakuwa na mtu.

"Rudisha," Obiero alisema. Wote walimgeukia. "Hapo alipotazama mlango. Rudisha hapo."

"Mzee, hii si sinema," Okinyi alinong'ona.

"Rudisha!"

Ikarudishwa. Obiero alitazama macho ya mkewe yakikimbilia mlangoni. Saa ile ya alasiri ilikuwa saa yake ya kupita saluni akitoka ufukweni. Alielewa sasa Debra alikuwa akimwogopa nani. Kama angemkuta vidole vimefika sikioni, angesema: si unaona, unainuka.

Wakili wa kliniki alifunga kompyuta polepole. Alisema wateja wake watahitaji muda. Njuguna alisema muda wautumie vizuri, maana yeye anakwenda mbele ya jaji. Wakili yule alikusanya karatasi zake, na kabla ya kuondoka aligeuka.

"Bado tuna yule mtu wa nyumbani kwake," alisema kwa ile sauti laini. "Video ni video. Mume akisema mkewe anajifanya, jaji husikiliza."

Debra alikuwa ameshatoka nje.

*

Kesho yake, jua likielekea ziwani, Debra alipofika saluni alisikia nyundo. Obiero alikuwa amepiga magoti ndani, misumari mdomoni. Alikuwa ameng'oa rafu na kuishusha mpaka usawa wa kiuno. Chanuo, kopo la mafuta na chupa zote zilikuwa zimepangwa juu yake, mahali mtoto angeweza kufika. Ya jikoni nyumbani alikuwa ameshaishusha asubuhi, Milka akimtazama bila kukohoa.

Debra alisimama mlangoni. "Rafu haikunishtaki, Baba Akoth."

Alitema misumari kiganjani. "Najua."

"Basi mbona unaihukumu?"

"Boti ya yule mtu nitaipasua iwe kuni."

"Boti pia haina kosa. Maliza, uza kwa mwingine, pesa yake umrudishie." Aliingia, akaweka mkoba wake juu ya kiti. "Ulimwambia nini? Neno kwa neno."

Obiero alitazama nyundo. "Nilisema una shida ya bega, asubuhi sufuria zinaanguka, jioni vidole vinakimbia." Akaigeuza mkononi. "Nikasema, anasema."

"Anasema."

"Hivyo tu."

"Hivyo tu!" Debra alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko kilio chochote ambacho Obiero aliwahi kungoja kukisikia. "Wale wamenitafutia daktari, bima, msichana wa viatu safi, na hawakupata kitu. Wewe umewapa neno moja wakajengea nyumba. Na siku ya kesi watakuita."

"Wataniita."

"Na utaenda kusema nini? Maana sikujui tena. Wakili ambaye mama yako alisema atanila amekaa upande wangu. Wewe uliyenilipia mahari umekaa kwenye boti na wao, mnacheka."

Nje, kwenye kivuli cha kibanda, kiti kilikwaruza. Milka alikuwa amefika akitembea polepole, na sasa alikuwa ameketi, akijifanya anachambua mboga.

"Nitawaambia haikuwa hivyo," Obiero alisema, chini chini.

"Sikusikia."

"Mama Akoth, watu wanapita."

"Wapite. Uliponiita mwongo kule ufukweni ulinong'ona? Mama yako yuko nje na ukuta ni wa bati. Kama una neno, liseme litoke."

Obiero aliweka nyundo juu ya rafu mpya. Alisimama, na kichwa chake kilikaribia kugusa paa, na kwa mara ya kwanza urefu ule ulimwelemea. Alikuwa mtu ambaye ufukwe mzima ulimsikiliza alipozungumza juu ya mbao. Alifikiri juu ya ufukwe huo ukimcheka. Alifikiri juu ya mkewe akitazama mlango.

"Siku ya kesi," alisema, kisha akaanza upya. "Siku ya kesi nitasimama mbele ya jaji nitaje jina langu na la baba yangu. Nitasema ni mimi niliyemwambia yule mtu hivyo. Nitasema sikuwa nimeona kitu, nilikuwa nashuku tu. Nitasema mwongo nilikuwa mimi."

Nje, mboga ziliacha kuchambuliwa.

"Sema tena," Debra alisema. "Mama hakusikia mwisho."

Obiero alimtazama mkono wa kushoto, ule aliokuwa ameubana tumboni. Kisha akajaza kifua, akapaza sauti kama anaita boti iliyo mbali.

"Mwongo nilikuwa mimi! Na nitalisema kortini, Debra, mbele ya watu wote, hata wakinicheka mpaka Asembo!"